Kuponya na Kujichubua

Ibn al-Jawzi alikuwa mhubiri wa Baghdad ambaye watu walijazana kumsikiliza. Miongoni mwa vitabu vingi alivyoacha alipofariki mwaka 1201, kimo kimoja kinachokusanya hukumu za sheria zinazowahusu wanawake. Humo, kati ya masuala ya tohara, sala na mavazi, anagusa jambo ambalo leo lingewekwa kwenye kurasa za urembo: wanawake waliojipaka dawa usoni ili ngozi ya juu ibambuke na ya chini itokeze, nyororo na angavu zaidi. Waarabu waliliita qashr, yaani kumenya, kama mtu anavyomenya chungwa. Ibn al-Jawzi hakulipenda. Sababu yake moja, hata hivyo, ingeweza kutoka kinywani mwa daktari wa ngozi wa leo: uso uliomenywa huenda ukapendeza kwa siku hizo, kisha ngozi ikaja kuumia baadaye.

Lakini dawa za kuondoa kalaf, yale mabaka ya kahawia yanayotanda mashavuni na kwenye paji la uso, mwanachuoni huyo huyo anasema haoni ubaya wake.

Uso ni ule ule. Mkono unaopaka ni ule ule, na pengine hata vilivyomo katika vikopo viwili hivyo havitofautiani sana. Kimoja kinakatazwa, kingine kinaachiwa. Leo wanaotengeneza krimu za asidi laini kwa ajili ya chunusi, magaga na mabaka wanafanya kazi juu ya mpaka huo huo, wajue wasijue.

Kiswahili nacho kimeuona mpaka huo. Mtoto akianguka akachubuka goti, hilo ni jeraha. Mtu mzima akinunua mkorogo ili awe mweupe, watu wanasema anajichubua. Hakuna baraza la lugha lililoketi kuamua hivyo. Ni mtaa wenyewe ulioona kwamba hili nalo ni jeraha, ila safari hii mtu kajiangusha mwenyewe. Kiarabu cha Baghdad na Kiswahili cha Kariakoo vimefika kwenye picha moja, kila kimoja kwa njia yake: ganda linatoka, na haijulikani kama tunda litasalimika.

Wapo waliotaka kulifunga suala hili kwa kufuli. Miaka kama 1,000 kabla ya Ibn al-Jawzi, mjini Carthage katika Tunisia ya leo, Mkristo mmoja aitwaye Tertullian aliandika kwa ukali juu ya mapambo ya wanawake. Kwake, mwanamke anayejisugua ngozi kwa madawa, anayejipaka wekundu mashavuni na wanja machoni, anamkosoa Fundi aliyemuumba. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu ni nyepesi: kazi ya Mungu haihitaji kusahihishwa. Ila ikifuatwa mpaka mwisho inabana mno. Mwenye chunusi afanyeje? Mwenye choa? Nao wameumbwa, au angalau wameachwa wapatwe. (Kuhusu wanja, Waislamu wana riwaya zinazosifu wanja wa ithmidi kuwa unanufaisha macho. Kwa hiyo hata kijiti kile kile cha wanja kilikuwa dhambi upande mmoja na tiba upande mwingine.)

Na vitabu vitakatifu vyenyewe havikuwahi kuiacha ngozi ijitafutie njia. Katika Mambo ya Walawi, anayekagua baka la ngozi si tabibu bali kuhani. Anatazama kama nywele zimegeuka rangi na kama baka limezama kuliko ngozi, kisha anamtenga mtu siku 7 na kumtazama tena. Mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu yake, na hakuna aliyemwambia mfalme kwamba jipu ni mapenzi ya Mungu lisiguswe. Ayubu, mgonjwa wa ngozi mashuhuri kuliko wote, hakuwa na tini. Alikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika, akakaa majivuni akijikuna nacho. Mtu aliyewahi kuamka usiku wa manane kwa pumu ya ngozi anakijua kigae kile.

Sasa Philadelphia, Marekani, mwaka 1974. Eugene Van Scott, daktari wa ngozi, na mwenzake Ruey Yu, mkemia, walikuwa wakiwahudumia watu wenye ikthiosisi. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki la samaki, kwa kuwa ngozi ya mgonjwa hukauka, ikanenepa na kujipanga magamba. Wawili hao walijaribu vitu zaidi ya 60 juu ya ngozi za wagonjwa, kimoja baada ya kingine. Vilivyofanya kazi vizuri vilikuwa vya ukoo mmoja, na wanaukoo wake wanakaa jikoni: asidi ya laktiki ya maziwa yaliyochacha, asidi ya glikoliki inayopatikana katika miwa, ya maliki katika matufaha, ya sitriki katika malimau. Magamba yaliyokuwa yamemganda mtu tangu utotoni yalianza kupukutika.

Jinsi yalivyopukutika ndiko kwenye kiini cha jambo. Mtu akisikia asidi anafikiria ile ya betri, inayotoboa suruali. Hizi, zikiwa kwa kiasi kidogo, haziunguzi. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa zilizoshikana kwa vifungo vidogo vya protini, mithili ya watu waliofungana mikono. Katika ngozi yenye afya vifungo hivyo hukatwa polepole na vimeng'enya vya ngozi yenyewe. Seli iliyozaliwa chini husafiri hadi juu na kudondoka baada ya majuma manne au zaidi, bila mwenyewe kujua. Vumbi la nyumbani lina mchango wa kila aliyelala humo. Kwa mwenye ikthiosisi mikono haifunguki. Asidi ya Van Scott na Yu ililegeza mshikamano huo, tena ikaulegeza upande wa chini wa tabaka lililokufa, pale hasa ngozi ilipokuwa imeshindwa kuufungua.

Kwa lugha nyingine, dawa ilifanya kazi ambayo ngozi ilikuwa imekusudia kuifanya.

Liko jambo jingine ambalo Tertullian asingeweza kulijua. Mwaka 1928, nchini Ujerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini walipima uso wa ngozi na kuandika juu ya kile walichokiita vazi la asidi. Ngozi ya mtu, bila kupakwa chochote, ni chachu. Kipimo chake cha pH hukaa karibu na 5, na katika kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi. Sabuni ya kipande iliyo ya kawaida hufika 9 au 10, maana yake povu lile lina uchachu pungufu mara 10,000 na zaidi kuliko ngozi inayooshwa. Uchachu huo unatoka katika jasho, katika mafuta ya ngozi, na katika kuvunjika kwa protini moja iitwayo filagrini. Ndio unaowazuia baadhi ya vijidudu wabaya wasistawi, na ndio vimeng'enya vinavyojenga mafuta ya kinga ya ngozi vinaouhitaji ili vifanye kazi. Ngozi yenye pumu mara nyingi huwa imepungukiwa nao.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba watu wenye aina ya kawaida ya ikthiosisi wana hitilafu katika jeni la filagrini hiyo hiyo. Mgonjwa wa magamba, basi, amepungukiwa na chanzo kimoja cha uchachu wa asili wa ngozi, na krimu ya laktiki inamrudishia kitu cha jamii ile aliyokosa. Mtu anayeshikilia kwamba ngozi iachwe kama ilivyoumbwa atalazimika kueleza ni ngozi ipi anayoizungumzia: ile iliyo mbele yake, yenye magamba, au ile ambayo mwili wenyewe unajitahidi kuijenga na kushindwa.

Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyewatibu makaisari wa Roma, alikuwa amelikaribia swali hili kwa njia ya maneno. Alitenga sanaa mbili. Ya kwanza huhifadhi uzuri wa asili wa mwili, na hiyo aliihesabu kuwa sehemu ya utabibu. Ya pili hubandika uzuri wa kuazima, kama kuufanya uso uwe mweupe kuliko ulivyo, na hiyo hakuitaka. Plato kabla yake alikuwa ameiita hiyo ya pili udanganyifu unaojivika nguo za mazoezi ya mwili. Tofauti ni safi sana kwenye karatasi. Galen mwenyewe alikiri kwamba wakubwa na wanawake wa ikulu wakiagiza dawa za kujipendezesha, tabibu hana ubavu wa kuwasomea somo la tofauti ya sanaa mbili. Kila mfamasia mwenye duka lenye kodi ya mwezi atamwelewa.

Fiqhi ya Kiislamu ilikuja na kipimo kinachoshikika zaidi. Qurani inamtaja Shetani akiapa kwamba atawaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, na katika hadithi iliyopokewa na Ibn Masud wamelaaniwa wanaochanja chale za rangi na wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri. Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, alipoifafanua hadithi hiyo alisimama kwenye maneno yanayotaja uzuri. Kwake maneno hayo ndiyo yanayobeba hukumu: anayefanya kwa kuhitaji tiba, au kwa sababu ya kasoro, hana lawama. Na upo mfano ambao wanachuoni hawachoki kuurudia, wa Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani zama za Jahiliya. Alitengeneza pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume akamwambia aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, wala mtu hapumui vizuri zaidi kwa pua ya dhahabu. Ilikuwa ni kwa ajili ya uso wake mbele za watu.

Kanisa Katoliki lilifika jirani na hapo kwa njia yake. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 kabla ya kifo chake, Papa Pius XII aliwahutubia madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha maumbo. Uzuri wa mwili, kwa maelezo yake, ni jambo jema lililo chini ya mema makubwa zaidi, na uhalali wa kuurekebisha unategemea nia, sababu na ukubwa wa hatari.

Nia, kasoro, hatari. Maneno matatu yanayosikika mepesi mpaka mtu asimame mbele ya kioo. Kwani kasoro ni kwa macho ya nani?

Kalaf haiumi. Haiwashi, haigeuki saratani, haimzuii mtu kulima wala kusali. Humpata zaidi mwanamke, mara nyingi wakati wa ujauzito au akitumia vidonge vya uzazi wa mpango, na jua likaikoleza. Akikaa peke yake kisiwani asingeijali. Anaijali kwa sababu shangazi kauliza, jirani kauliza, na kwenye harusi mpiga picha kamwambia ageuze shavu. Ibn al-Jawzi alimruhusu aipake dawa. Lakini mwanamke mwenye ngozi nyeusi isiyo na doa lolote naye ameulizwa na shangazi, naye ameambiwa na mtaa mzima kwamba mwenzake mweupe kaolewa mapema. Maumivu yao yanatoka mdomo mmoja. Kama macho ya watu yanatosha kuifanya kalaf iwe kasoro, kwa nini yasitoshe kuufanya weusi uwe kasoro? Wahubiri wengi hupita hapa kwa kupaza sauti.

Jibu lililo la maana zaidi halikutoka mimbarini. Lilitoka kwa fangasi.

Wapo watu wanaotokwa madoa mepesi kifuani, mgongoni na mabegani, hasa kwenye miji ya joto kama Tanga na Mombasa. Ni fangasi wa jamii ya Malasezia, ambaye kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila ugomvi. Huko Roma, katika miaka ya 1970, Marcella Nazzaro-Porro na Siro Passi walijiuliza kwa nini madoa hayo hupoteza rangi. Mwaka 1978 walieleza kwamba fangasi huyo hutengeneza asidi zinazoweza kukizuia kimeng'enya kinachosaidia kuunda melanini. Mojawapo ya asidi za ukoo huo, ya azelaiki, ambayo pia imo katika ngano na shayiri, ikaja kuwa dawa. Leo inaandikwa kwa asilimia 20 kwa chunusi na mabaka, na kwa asilimia 15 kwa ugonjwa wa uso kuwa mwekundu. Inawazuia bakteria wa chunusi na kutuliza uvimbe.

Tabia yake iliyowashangaza madaktari ni nyingine. Azelaiki huzielekea zaidi seli za rangi zilizopandwa na wazimu, zile zinazozalisha melanini kupita kiasi. Zilizotulia, huzigusa kidogo sana. Mwanamke mweusi akiipaka kwenye baka, baka hufifia kuelekea rangi ya shavu lake mwenyewe. Haimpeleki kwenye rangi ya mtu mwingine. Tofauti ambayo Galen aliitafuta kwenye maneno, na Nawawi akaitafuta kwenye nia ya moyo ambayo hakuna mwingine awezaye kuiona, imekaa humo ndani ya kemia ya krimu nyeupe isiyo na manukato. Mwenye nia mbaya atakayeinunua ili awe mweupe atapoteza fedha zake.

Mkorogo haujui tofauti hiyo. Zebaki inayotiwa humo humzuia kila mtengeneza rangi, aliyezidisha na asiyezidisha, kisha huingia mwilini na kwenda kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unaipiga marufuku katika vipodozi. Sabuni zake bado zinakamatwa mipakani. Haidrokwinoni, kiungo kingine cha mkorogo, si shetani yenyewe. Daktari huweza kuiandika kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Ila ikipakwa miaka na miaka, bila kinga ya jua, hutokea kile ambacho madaktari wa Afrika Kusini walikieleza mwaka 1975: ngozi inageuka ya buluu-nyeusi, yenye vinundu kama mayai ya samaki, mashavuni na chini ya macho, pale pale ilipopakwa. Haitoki. Nchi hiyo iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, na Rwanda ilianza msako mkali wa krimu za kuchubua mwishoni mwa mwaka 2018. Ibn al-Jawzi aliposema ngozi inaweza kupendeza sasa na kuumia baadaye, hakuwa ameona haidrokwinoni. Alikuwa ameona watu.

Pengine, basi, neno la kushikilia katika hukumu yake si kumenya wala kupendeza. Ni lile “baadaye”. Na upole wa asidi, ukiutazama kiwandani, ni elimu ya baadaye.

Watengenezaji wanafahamu kwamba asilimia iliyoandikwa kwenye chupa haisemi hata nusu ya habari. Asidi ya laktiki ikiwekwa kwenye mchanganyiko wenye pH ya 3.86, nusu yake huwa huru na nusu nyingine huwa imefungwa kama chumvi. Sehemu iliyo huru ndiyo inayopenya kwa wepesi. Ukipandisha pH kwa hatua moja tu, iliyo huru hubaki sehemu 1 kati ya 11. Chupa mbili zenye maandishi yale yale ya asilimia 10 zinaweza kuwa moja maziwa na nyingine moto. Ndiyo maana jopo la wataalamu wa usalama wa vipodozi wa Marekani lilipotoa maoni yake mwaka 1998, halikutaja asilimia pekee. Lilisema asidi za jamii hii zisizidi asilimia 10 katika bidhaa za kupaka nyumbani, na pH isishuke chini ya 3.5, na mtumiaji alindwe dhidi ya jua. Ukubwa wa molekuli nao una neno lake. Glikoliki ni ndogo, huingia haraka na kuchoma. Mandeliki ya lozi chungu ni kubwa zaidi, huingia kwa mwendo wa kobe. Van Scott na Yu wenyewe, baada ya miaka ya kuona wenye ngozi nyepesi wakilalamika, waligeukia asidi zenye molekuli kubwa zaidi kama glukonolaktoni, ambazo hata ngozi yenye pumu mara nyingi huzivumilia.

Na jua. Majaribio yaliyozingatiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani yalionyesha kwamba baada ya majuma manne ya kupaka glikoliki ya asilimia 10, ngozi ilikuwa nyepesi kuiva kwa mionzi kwa wastani wa asilimia 18, na hali hiyo ilirejea ya kawaida ndani ya juma moja baada ya kuacha. Asilimia 18 si nyingi kwa mkazi wa Stockholm mwezi Desemba. Kwa muuza machungwa wa Ubungo anayesimama juani toka saa mbili asubuhi, ni habari tofauti. Upole hauko kwenye chupa peke yake. Uko pia kwenye maisha ya anayepaka.

Bibi wa pwani walikuwa na sehemu ya elimu hii mikononi. Singo ya bi harusi, liwa iliyosagwa na maua na marashi, husugua taratibu na kuondoa kilichokwisha kufa. Mtindi uliopakwa usoni na kuachwa dakika chache ni laktiki ile ile ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka maziwa machachu mwaka 1780. Ndimu lakini ni hadithi nyingine, na hapa mapenzi ya vitu vya asili yamewaponza wengi. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, na ndani yake zimo kemikali ambazo jua likizipiga juu ya ngozi huunguza, yakatoka malengelenge kisha michirizi ya kahawia inayokaa miezi. Anayeitumia kuondoa baka anaweza kujiongezea mawili. Asili haina huruma ya pekee; fangasi ni asili, zebaki ni asili.

Hata asidi iliyo mpole ina watu wake wa kuogopa. Salisiliki, ndugu wa aspirini, kwa asilimia 2 husafisha vinyweleo vilivyoziba na kutuliza chunusi. Ikipakwa mwili mzima wa mtoto mchanga hupenya na kuingia kwenye damu hadi kumsumisha. Mwenye kisukari asiyehisi nyayo zake hashauriwi kuichezea miguuni. Upole ni uhusiano kati ya dawa na mtu, kama ilivyo kwa maneno.

Mwaka 1907 Arthur Whitfield, daktari wa London, aliunganisha asidi mbili katika mafuta kwa ajili ya fangasi wa ngozi. Marhamu hiyo bado inaitwa kwa jina lake, na kwa miaka mingi ilikuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haina haki miliki, haina tangazo, haina msichana anayecheka kwenye boksi. Mtu anaweza kuitengeneza juu ya kigae cheupe: gramu 6 za asidi ya benzoiki, gramu 3 za salisiliki, gramu 91 za mafuta ya mgando. Unga wa salisiliki ni mwepesi na huwasha pua, kwa hiyo mtengenezaji huinama kidogo na kubana pumzi. Anaanza na mafuta kijiko kimoja tu, anaukandamiza unga kwa kisu bapa, anausambaza, anaukusanya, anausambaza tena, mpaka akipima kati ya vidole viwili asisikie punje. Mafuta mengine huongezwa baadaye, kila mara sawa na yaliyokwisha kuchanganyika. Akiharakisha, punje zitabaki, na punje moja ya asidi isiyosagika huacha alama yake kwenye ngozi ya mgonjwa.

Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 kando ya hospitali ya KCMC, maafisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika wamefundishwa kutibu ngozi nyeusi kwa dawa zinazopatikana mahali walipo. Hapo hapo kuna karakana inayotengeneza KiliSun, krimu ya kinga ya jua kwa watu wenye ualbino. Si asidi, lakini imesimama upande ule ule wa mpaka. Krimu hiyo haimpi mtu rangi ambayo hakuzaliwa nayo. Inamwezesha kutoka nje akiwa na ile aliyonayo.

Swali la dini kuhusu marhamu, hata hivyo, mara nyingi haliji likiwa limevaa joho la falsafa. Huja likiwa na visigino vilivyopasuka. Mwashi anayesimama kwenye zege bichi siku nzima anasimama kwenye kitu chenye pH ya 12 au zaidi. Vazi la asidi la miguu yake halifiki hata adhuhuri. Nyayo zinakakamaa, magaga yanapasuka, na vumbi la saruji linaingia humo. Akipewa mafuta yenye salisiliki au laktiki, swali lake kwa imamu si kama anabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Anauliza kama udhu wake unaswihi. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, walilijibu zamani, na Nawawi ameliandika: nta au hina ikiganda kwenye ngozi au nyufa na kuyazuia maji, lazima iondolewe. Lakini athari ya mafuta tu, maji yakaigusa ngozi na kutiririka hata kama hayatulii, haidhuru.

Kwa hiyo mwashi hupanga dawa kwa saa za sala. Baada ya isha analoweka miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Wahenga waliosema ngozi ivutwe ingali maji walikuwa wakisema juu ya malezi, lakini magaga nayo hulainika yakiwa yamelowa. Anayasugua kwa jiwe, taratibu, bila kufika kwenye nyama. Anapaka, anavaa soksi kuukuu, analala. Alfajiri, bombani, soksi ziko mfukoni. Anainua kisigino juu ya ukingo wa saruji na kupitisha kidole gumba ndani ya ufa, kwenda na kurudi, mpaka asikie maji yamefika chini.